Robo Saa ya Alice Kemunto

Mchungaji, ndugu, majirani na ninyi nyote mliokanyaga theluji kuja hapa, mimi ni Elkanah, kaka mkubwa wa Maurice aliyefiwa na mke, na familia imenipa kazi hii kwa sababu niliishi na marehemu nyumba moja kwa karibu miaka mitatu. Historia hii nimeiandika mara mbili, ile ya kwanza ilikuwa nzuri, nimeichana.

Marehemu Alice Kemunto alizaliwa tarehe 7 Februari 1962, Nyansiongo, Kisii, akiwa kifungua mimba katika watoto sita, akasoma shule ya msingi hapo nyumbani, akamaliza sekondari mwaka 1980, kisha akasomea uuguzi na kupata cheti tarehe 30 Novemba 1983. Alifunga ndoa na ndugu yangu tarehe 19 Desemba 1987, wakafika Minnesota Agosti 1988, cheti chake hakikutambuliwa, hivyo akaanza kuogesha wazee katika makao ya wazee huko Saint Paul, kazi aliyoifanya hadi siku yake ya mwisho. Walijaliwa binti mmoja, Valentina, aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 1989.

Mimi niliingia kwao Fridley tarehe 2 Juni 1995, nikasema nakaa wiki mbili.

Marehemu alikuwa na kero ndogondogo, viatu vyenye theluji kuachwa kwenye zulia, majani ya chai kumwagwa kwenye sinki, pakiti ya maziwa kurudishwa kwenye friji ikiwa na tone moja, na gari lake kurudishwa mshale wa mafuta umelala, na yote hayo nilikuwa nikiyafanya mimi. Aliniambia kwa upole, shemeji tafadhali, nami nikamwona mwanamke mwenye gubu.

Furaha yake ilikuwa moja. Akitoka kazini, saa kumi jioni, aliegesha gari chini ya dirisha letu, akabaki ndani robo saa, hita ikimpuliza miguuni, kanda ya kwaya ya kwao ikiimba, na donati moja ya sukari aliyoila peke yake, kisha akapanda juu kutupikia. Mimi nilimhesabia dakika kwa saa ya jiko. Nilimwambia Maurice kwamba mke anayejificha garini ana jambo, nikatania mbele ya wageni kwamba mume wake ni lile gari, wakacheka, na baadhi yenu mliocheka mmekaa hapa. Alice naye alicheka, akaenda kuchemsha chai.

Kuhusu kuugua, aligunduliwa kuwa na presha mwezi Machi 1996, akawa anameza dawa kila siku bila kukosa.

Jumatano tarehe 14 Januari 1998, Maurice akiwa kazini, gari liliegeshwa saa kumi kamili. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, Valentina akachukua koti lake na kuniuliza, "Baba mkubwa, niende nimwite mum?"

Nilikuwa na hamu ya chai, nilikuwa nimekasirika, nikaona leo apewe funzo.

"Muache," nikamwambia. "Akichoka kukaa ataingia mwenyewe."

Mtoto akarudisha koti. Nilisimama dirishani nikatazama moshi mweupe ukitoka nyuma ya gari, na saa kumi na moja ulipokatika nilifurahi, nikajua chai inakuja, nikakaa kwenye kochi na maneno yangu tayari. Kumbe si yeye aliyezima gari. Mafuta yalikwisha, maana jana yake nililichukua kwenda Burnsville na kulirudisha karibu tupu. Maurice ndiye aliyemkuta, saa kumi na mbili na nusu, donati iko mapajani, haijaumwa. Alifariki hospitalini saa mbili usiku kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alituambia kwamba angefikishwa mapema kidogo, huenda leo angekuwa hai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, na wafanyakazi wenzake, ambao wanasema wazee wake bado wanamuulizia. Wale wanaonishika mkono na kuniambia ni mapenzi ya Mungu siwashukuru, mniache na langu. Valentina hajaniuliza neno lolote tangu siku ile.

Shemeji, kaa upendavyo, hakuna anayekuhesabia dakika, na upumzike kwa amani, ile niliyokunyima chini ya dirisha letu.