Jairus Lukorito, Aliyefundisha Watoto Kuanguka

Wasikilizaji wapendwa, acheni sufuria kidogo, sogeeni karibu na redio. Ni mimi Fauziya. Leo tunamkumbuka Jairus Lukorito, mwana wa Bungoma, kocha wa hoki ya barafuni jijini Dubai. Najua kuna mtu amecheka. Barafu, Dubai? Ndiyo, barafu, ndani ya jengo la maduka, huku nje jua linakaanga lami. Na aliyewafundisha watoto kuteleza juu yake alikuwa Mkenya. Jairus ametutoka Machi hii, mwaka 2017. Ameondoka kwa kuumia kichwa. Lishikeni hilo neno, kichwa, maana nitalirudia, na leo sina upole.

Barafu aliijulia Nairobi, kwenye kiwanja kidogo ndani ya hoteli, alikokuwa akiwagawia wageni viatu vya kuteleza. Wageni wakiondoka, anavaa yeye. Alianguka mpaka akajua. Mwaka 2012 akaenda Dubai kwa kazi ileile ya viatu: kugawa, kunoa vyuma vyake, kupanga. Klabu ya watoto ilipokosa mtu wa kuwashika wadogo, ikamwita. Akawashika miaka yote iliyobaki, na miaka yote hiyo kazini aliitwa mhudumu. Kocha walimwita watoto tu.

Wiki ya kwanza kwake hakuna mtoto aliyegusa gongo la kuchezea. Ilikuwa kuanguka tu. Anguka kwa ubavu, kunja ngumi vidole visikatwe na vyuma vya viatu, piga goti, inuka. Wazazi walinung'unika kwamba wamewaleta watoto kucheza, si kugaragara. Yeye akawajibu, "Anayeogopa kuanguka hawezi kukimbia." Baada ya hapo aliwarukisha ngazi za maegesho ya magari mpaka miguu ikaze. Kisha akawakalisha kwenye benchi, macho wamefumba, kila mmoja aseme kosa lake la jana na atakavyolirekebisha. "Ukikosea una pumzi moja ya kujilaumu," aliwaambia. "Pumzi ya pili ni ya kazi."

Na alikuwa na sheria moja isiyopinda. Mtoto akigongwa kichwa, anatoka. Hata kama ni fainali anatoka. Jairus anapiga goti mbele yake, anamtazama machoni, anamuuliza: "Leo siku gani? Tunacheza na nani? Kichwa kikoje? Usinidanganye."

Muulizeni Tufaha. Ni binti wa miaka kumi na mitatu, anaishi mtaa wa Deira, familia yao asili yake Unguja. Mwaka jana kwenye fainali alibamizwa ukutani. Akasema yuko sawa. Jairus akamuuliza wanacheza na nani, mtoto akababaika. Akamtoa, na timu ya wasichana ikafungwa. Mama yake, Bi Joha, ameniambia mwenyewe:

"Mie nilimjia juu mwalimu wa watu, nikamtolea maneno mbele ya kadamnasi. Usiku mtoto akatapika. Daktari akasema angegongwa tena siku ile, tungekuwa tunazungumza mengine. Kesho yake nikaenda na sinia la mkate wa mchele kumtaka radhi. Akacheka yule kijana. Akanambia, 'Mama, kichwa hakina spea.'"

Kichwa hakina spea. Wasikilizaji, maneno hayo ni yake Jairus.

Januari mwaka huu alikuwa akisukuma goli kulitoa katikati ya uwanja. Mtoto akateleza, akamzoa miguu. Mikono yake ilikuwa golini, kwa hiyo kuanguka kote alikofundisha hakukumsaidia. Akapiga kisogo. Kichwani alivaa kofia ya sufu. Klabu iliwapa watoto kofia ngumu, wakufunzi walijitegemea. Akainuka, watoto wakacheka, naye akacheka.

Kichwa kikaanza kuuma. Lakini visa yake ilikuwa inakwisha, na klabu ilikuwa imemwahidi kwamba akipata visa mpya atakuwa kocha kamili wa timu ya wasichana. Hicho ndicho alichokitamani kuliko kitu chochote. Na sisi watu wa Ghuba tuna maneno yetu. Eti ukiugua karibu na kipimo cha afya cha visa, usikanyage hospitali, jina litaingia kwenye kompyuta, utarudishwa kwenu. Nani kasema? Wote. Nani kashuhudia? Hakuna.

Muzamiru, Mganda, mlinzi huko Jebel Ali, aliishi naye chumba kimoja mtaa wa International City. Alilia kwenye simu: "Mimi ndiye nilimletea Panadol. Nilimwambia, ndugu yangu, kaza tu, medical ikipita, khalas, unaenda kwa daktari. Sisi wote tunafanyanga hivyo."

Dada yake, Everlyn, anasafisha vyumba hotelini Deira. "Nilimwona anashika ukuta akitembea. Nikamwambia, Jairo, twende hospitali. Akaniambia, 'Sister, usiniharibie. Wiki mbili tu.'"

Haya, kipimo akakifanya, na akafaulu. Everlyn aliambiwa na muuguzi baadaye, wakati haisaidii tena: kipimo kile kinatazama damu na kifua. Kichwa hakimo. Mtu amekificha kichwa chake mbele ya watu ambao hawakuwa wakikitafuta! Siku chache baadaye hakuamka. Damu ilikuwa ikivuja ndani polepole tangu Januari.

Klabu ilileta shada la maua. Kwenye utepe waliandika "Kocha Jairus". Sasa wameweza.

Yupo mmoja aliyeona. Mazoezi ya mwisho, Tufaha alimsikia Jairus akimwita yeye kwa jina la mwenzake. Akamwona ameegemea ukuta wa uwanja. Akamwendea, akamuuliza: "Kocha, leo siku gani?" Jairus akafikiri, akasema Jumapili. Ilikuwa Jumanne. Mtoto akamwambia, "Toka nje, kocha." Jairus akacheka: "Yalla, rudi kazini." Tufaha akavua viatu, akaenda ofisini kwa meneja. Meneja akamwambia kocha amechoka tu, arudi mazoezini.

Kwa mama yake Jairus huko Bungoma, kwa Everlyn, kwa Muzamiru ambaye halali, poleni sana. Kwa wasichana wa timu yake, poleni. Mungu amlaze pema.

Nilimuuliza Tufaha anataka niseme nini redioni. Akasema: "Alitufundisha mtu akijibu vibaya unamtoa, hata akikataa. Mie nilimvuta mkono. Alikuwa mzito."

Mwanangu Tufaha, si wewe uliyepaswa kumvuta. Watu wazima tulikuwapo, tukampa Panadol na moyo. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlioko kwenye vyumba vya vitanda vya ghorofa, mnaosubiri kipimo, mnaosubiri kafeel, tajiri wenu, atie sahihi ya visa, mnaosema mko sawa, nawauliza kama alivyouliza yeye. Leo siku gani? Kichwa kikoje? Msinidanganye.