Joachim Ndunguru na Majina ya Ruaruke

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Kibiti, wageni mliosafiri kutoka Mbinga na Rombo, na ninyi wazee mliotoka Ruaruke na vijiji vya delta, haya mtakayoyasikia yameandikwa na Paschal, mdogo wa marehemu, kwa maneno ambayo marehemu aliyasema mwenyewe akiwa kitandani, akaagiza yasipunguzwe hata moja, na wote waliomfahamu wanajua kwamba kubishana naye ilikuwa kazi bure.

Joachim Wenceslaus Ndunguru alizaliwa Litembo, Mbinga, tarehe 20 Machi 1962, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Wenceslaus, fundi seremala, akabatizwa mwezi huohuo. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha seminari ndogo, ambako mapadri waliona mapema kwamba kijana huyu hana wito ila ana kichwa, akamalizia kidato cha sita Songea mwaka 1983, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, na mwaka 1984 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi, akahitimu mwaka 1988.

Aliajiriwa mwaka huohuo na shirika moja la umma jijini Dar es Salaam, enzi ambazo kompyuta ilikuwa bado kitu cha kuombewa kibali, akaitunza mashine yao moja kwa miaka mitano, hadi upepo wa ruksa na ubinafsishaji ulipovuma, shirika likauzwa, naye akapunguzwa kazini tarehe 30 Juni 1993 pamoja na wenzake mia mbili. Tarehe 3 Mei 1994 alifika hapa Kibiti kama mtaalamu wa kompyuta wa mradi wa wafadhili uliokuwa ukiandikisha wakulima wa mpunga wa delta, kila mmoja na shamba lake na mipaka yake.

Alifunga ndoa na Honorata, muuguzi, tarehe 11 Julai 1992, wakajaliwa watoto watatu, Belinda aliyezaliwa mwaka 1993, Wenceslaus aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1997 akaishi saa tisa tu, na Aika aliyezaliwa mwaka 1999. Alikuwa baba mpole nyumbani na mkali kazini, na mara nyingine alisahau kubadilika alipovuka kizingiti.

Mwaka 1995 rafiki yake mmoja aliyekuwa masomoni Ulaya alimletea, kwenye mkoba uliojaa disketi, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, unaruhusiwa kusomwa, na tangu siku hiyo marehemu akawa na kitabu kimoja kitandani, karatasi alizochapa za msimbo ule. Sehemu aliyoipenda kuliko zote ni ile inayofuata njia ya faili. Kila faili ndani ya kompyuta lina njia yake, yaani mfululizo wa majina ya folda, na kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayotawala nyingine zote, hakirukii mwisho wa njia, bali huanzia kwenye mzizi, husoma jina la kwanza, huingia, huulizia jina linalofuata, hivyo hivyo mpaka kifike, na marehemu alipenda kuwaambia wenzake kwamba ni sawa na mgeni anayetafuta nyumba Ruaruke, ambaye huulizia kijiji, kisha kitongoji, kisha mlango, na likikosekana jina moja katikati safari imekwisha, hata kama mwenye nyumba yupo ndani anakunywa uji. Talib, dereva wa boti ya mradi, alimwita Bwana Njia, na jina likamganda.

Jambo jingine alilolieleza mara nyingi ndilo lililomponza. Unaweza kupachika diski mpya juu ya folda ya zamani, na tangu hapo kiini kikifika kwenye folda ile huvuka moja kwa moja kikaingia diski mpya, kisiangalie tena kilichoko chini yake, ingawa mafaili ya zamani yapo palepale, mazima, yamekosa tu njia ya kuyafikia.

Novemba 1997 mvua zile kubwa zililowesha fomu za karatasi na disketi za akiba, majina 4,312 ya wakulima yakabaki ndani ya kompyuta peke yake, na diski ilikuwa imejaa. Jumatatu ya tarehe 1 Desemba marehemu aliifungia kompyuta diski mpya. Utaratibu ulikuwa ahamishe majina kwanza, ayahakiki, ndipo aipachike diski mpya mahali pa folda ya zamani, lakini alianza na hatua ya mwisho kwa kuwa ilikuwa nyepesi, akaandika mstari mmoja wa kuiagiza kompyuta ifanye hivyo kila inapowashwa, na kabla hajahamisha hata jina moja zikaja habari kwamba Honorata amekimbizwa Dar es Salaam, uchungu umemshika kabla ya wakati. Aliondoka vilevile alivyokuwa. Alimzika mtoto, akarudi kazini tarehe 8, na ule mstari ulikuwa umefutika kabisa kichwani mwake.

Wakati hayupo, jenereta lilizimika, na aliyeiwasha kompyuta asubuhi yake alikuwa karani wa kuingiza majina, Mwanamina binti Swalehe Mwinyimvua, mzaliwa wa Ruaruke, msichana wa kwanza wa kijiji chake kukaa mbele ya mashine ile. Alikuta folda tupu. Marehemu aliporudi aliandika njia ileile mara saba, na mara zote saba alikuta hakuna kitu, akasema majina yamefutwa, na aliyeyafuta ni aliyewasha. Mwanamina alimwambia kwa adabu kwamba diski ya zamani bado inaonyesha imejaa, na kitu kilichofutwa hakiwezi kuendelea kula nafasi, lakini marehemu, ambaye ndiye aliyemfundisha jambo hilo, alimjibu kwamba karani asimfundishe kazi. Alikuwa na uchungu wa kufiwa na mtoto, na uchungu ule alimbebesha mtu asiyehusika.

Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1997, katika mkutano wa kijiji cha Ruaruke, marehemu alisimama mbele ya watu na kutamka kwamba Mwanamina kwa uzembe wake amefuta majina yao. Binti huyo akaachishwa kazi. Uandikishaji ukarudiwa, wakati maji yalikuwa yamekwisha kula alama za mipaka, ndugu wakagombana, na kila ugomvi ukapelekwa mlangoni kwake, wakamwita Mwanamina Kifutio, hata watoto wa shule wakajua. Baba yake, mzee Swalehe, aliacha kukaa barazani na wenzake, na alifariki mwaka 1999 akiamini kwamba binti yake alifanya lile.

Tarehe 14 Juni 2000, mradi ukijiandaa kufungwa, marehemu aliitoa diski mpya ili aisafishe, akaandika ile njia kwa mazoea tu, na majina yote 4,312 yakatokea. Alisema alikaa hapo mpaka chai ikapoa. Kisha akafanya jambo ambalo ameagiza lisomwe wazi, aliirudisha diski mahali pake, majina yakafunikwa tena, akaenda nyumbani kula, kwa sababu wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kigango na mtu wa kuheshimika, naye aliogopa. Alisema lile la kwanza lilikuwa kosa, na hili la pili lilikuwa dhambi, na kwamba kwa miaka mitatu iliyofuata hakupata komunyo bila kuona aibu.

Mwaka 2001 shinikizo la damu lilianza kumsumbua, na Februari 2003 madaktari waligundua kwamba figo zimechoka. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, na Machi mwaka huu alimweleza Honorata yote, kisha akamtuma Talib kwenda Ruaruke kumwombea radhi. Mwanamina alimkaribisha Talib vizuri, akampikia, akamsikiliza hadi mwisho, akajibu kwamba lililosemwa mkutanini haliwezi kutenguliwa jikoni, Bwana Joachim aje aseme palepale aliposemea. Marehemu alikubali haki hiyo. Aliomba kwanza apate nguvu, akaahirisha Mei, akaahirisha Juni, hatimaye ikapangwa Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2003. Amefariki Jumanne tarehe 12, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mmoja, siku nne kabla ya mkutano. Familia inasikitika kusema kwamba nguvu za kwenda alikuwa nazo mwezi Mei, alichokikosa ni moyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Kibiti na wa Dar es Salaam waliohangaika naye, majirani wetu, Waislamu kwa Wakristo, mliobeba maji na kuni tangu Jumanne, na wafanyakazi wenzake, hasa Talib, ambaye amekwenda na kurudi Ruaruke mara nyingi kuliko tulivyostahili. Tunamshukuru Mwanamina, aliyekuja bila kuitwa, na sasa hivi yuko nyuma na akina mama wanaopika. Hatumwombi msamaha kwa niaba ya marehemu, maana msamaha huombwa na mwenye kosa, na mwenye kosa amechelewa. Tunachoweza ni kusema, mbele ya wazee wa Ruaruke waliokuwapo siku ile, kwamba Mwanamina hakufuta jina la mtu yeyote, na kwamba keshokutwa Jumamosi Honorata na Paschal watakwenda kijijini kusema hivyo hivyo mkutanini.

Joachim, ulichoagiza kisomwe kimesomwa, kilichobaki tutakitembea sisi, pumzika kwa amani.