Clotilde Kahambu, Fundi wa Nguo Zilizobaki

Mama Clotilde Kahambu alizaliwa Butembo, mtaa wa Vungi, tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa nne kati ya saba wa Papa Édouard Kasereka na Mama Léocadie Masika. Papa Édouard alikuwa mfanyabiashara wa masafa marefu, akileta marobota ya mitumba kwa lori kutoka Kampala kupitia Kasindi. Mama Léocadie alilima maharagwe na viazi. Wazee wa ukoo wanasimulia kwamba Clotilde alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyemwona akikaa mahali pamoja hadi sahani iishe. Ili apate kumenya viazi kwa utulivu, mama yake alimfunga kitenge kiunoni na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza. Alipogeuka, mtoto alikuwa barabarani, na kitenge amekiburuta.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Butembo, kisha akaenda kwa masista kujifunza kukata na kushona, akapata brevet yake, cheti cha ushonaji, Juni 1984. Siku ya mtihani kila mwanafunzi alipewa kitambaa kipya cha kushonea sketi. Clotilde alimaliza wa kwanza. Akaitazama sketi yake, haikumridhisha, akaifumua na kutengeneza blauzi. Nayo akaifumua. Kengele ilipolia, Sista Mukamugema alikuta mezani gauni la mtoto mdogo.

"Sketi iko wapi?" Sista aliuliza.

"Ilikuwa hapa, Sista. Lakini haikutaka kuwa sketi."

Alipewa nusu ya alama, na kwenye ripoti yake Sista akaandika maneno manne: mikono mizuri, lakini hatulii.

Septemba 1988 alifika Goma juu ya lori la baba yake, siku tatu za vumbi na mvua, akapewa meza katika soko la Virunga auze mitumba ya familia. Ni hapo alipoikuta kazi ya maisha yake, na aliikuta chini ya meza. Robota likifunguliwa asubuhi, nguo nzuri zinakwenda kabla ya saa nne. Jioni linabaki fungu ambalo hakuna mkono unaoligusa: suruali za kuingia watu wawili, makoti ya nchi za theluji, blauzi zisizo na vifungo. Papa Édouard alikuwa akiwauzia makanika fungu hilo wafutie mafuta. Clotilde aliomba alipwe kwa fungu hilo badala ya mshahara. Baba yake alicheka, akakubali.

Hakuwa na mashini. Alikuwa na mkasi, sindano na uzi mweusi. Alibana mbavu za shati, akageuza kola iliyochakaa upande wa ndani ukawa wa nje, akakata pindo la chini kutengeneza mifuko. Koti moja la theluji lilitoa makoti mawili ya watoto, na bitana yake ikatoa sketi. Sokoni wakaanza kumwita Mama Fumua, kabla hajaolewa wala kuzaa. Mteja akimwambia nguo fulani imekufa, alijibu: "Haikufa. Ilichoka tu kuwa vile iko."

Kati ya wateja hao alikuwamo kijana kutoka upande wa Bukavu, karani katika ofisi ya forodha, Faustin Balagizi, ambaye leo, katika msiba huu, ameketi hapa mbele yetu. Alileta suruali ipunguzwe kiuno. Akaambiwa arudi kesho, na kesho yake tena, mara nne. Papa Balagizi husema mpaka leo kwamba suruali ilikwisha siku ya kwanza, na siku zilizobaki ni yeye aliyekuwa anapimwa. Haikuwa rahisi. Butembo waliuliza nani atawafundisha watoto Kinande, lugha ya kwao. Kwa upande wa Bashi, watu wa Faustin, waliuliza kama msichana huyu anajua kukaa nyumbani, na swali hilo lilikuwa na haki yake. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 18 Julai 1992. Mungu akawapa Achille mwaka 1993, Fabiola mwaka 1996 na Benny mwaka 2001.

Familia haiwezi kuacha kisa cha koti. Jumapili moja ya mwaka 1999 Papa Balagizi alikuwa asimamie ubatizo kama parrain, baba wa ubatizo. Alifungua kabati atoe koti la suti yake ya pekee, akakuta kizibao.

"Clotilde, mikono iko wapi?"

"Iko ku miguu ya Achille."

Achille alisimama mlangoni amevaa suruali mpya ya shule, imepigwa pasi. Papa Balagizi alikwenda kanisani na kizibao chake, amekasirika, na kabla ya misa kuisha wanaume watatu walikuwa wamemwuliza amekinunua wapi.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilichukua nyumba yao ya mjini pamoja na mashini aliyokuwa amechuma kwa miaka kumi. Walikimbilia Gisenyi. Siku ya tatu alikuwa amerudi, anazunguka juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na moto, anatafuta mahali pa kupanga. Kuanzia hapo walihama nyumba tisa: Katoyi, Ndosho, Katoyi tena, na nyingine ambazo hata Achille hazikumbuki zote, hadi Kyeshero mwaka 2016. Si kila mara walifukuzwa na maafa. Kuna nyumba waliyoihama kwa sababu dirisha lake lilikuwa halimpi mwanga wa kutunga uzi. Majirani walicheka. Watoto waliobeba magodoro hawakucheka.

Sehemu inayofuata Papa Balagizi aliomba iachwe. Fabiola, ambaye ndiye anayewasomea, aliomba ibaki.

Julai 2019 Fabiola alimaliza chuo kikuu. Kwa majuma matatu mama yake alimshonea gauni la sherehe kutoka kwenye makoti mawili ya kike, rangi ya divai, kazi ambayo wanaojua kazi wangesimama waitazame. Fabiola alilisukuma chini ya kitanda akakodi gauni lingine. Kule ukumbini mwenzake alimwuliza yule mama mwenye pini kifuani ni nani.

"Ni mutu wa kutushonea," Fabiola alijibu.

Mama Clotilde alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alipiga makofi jina lilipoitwa, akarudi nyumbani kwa miguu. Juma lililofuata gauni la rangi ya divai lilikuwa sokoni, limekuwa blauzi mbili, na zote mbili ziliuzwa. Kwa karibu mwaka mzima mama na binti walizungumza habari za chakula na za ufunguo wa mlango, basi. Kisha Fabiola akapata kazi Bukavu, akaenda.

Oktoba 2023 Mama Clotilde alianza kwenda kwenye kambi za Mugunga. Wakimbizi walikuwa wamejaa kando ya barabara ya Sake, na marobota ya misaada yalifika yakiwa na nguo za kushangaza: magauni ya dansi, makoti mazito, mashati meupe ya wanaume wakubwa kupita kiasi, mengine yenye mistari hafifu. Wanawake waliyatandika chini walalie. Katika hema moja alimkuta Mama Nyiransabimana, aliyekimbia Masisi na watoto wanne. Wote wanne walikuwa wamerudishwa kutoka shule kwa kukosa iniforme, shati jeupe la shule.

"Ile shimizi mumelalia, inaweza vika watoto wawili," Mama Clotilde alimwambia, akionyesha shati lililotandikwa chini. "Uko na sindano?"

"Sina hata sufuria, mama."

Alimpa sindano yake. Alimwonyesha jinsi ya kukata shati kwa kufuata mshono wa zamani ili kitambaa kisipotee, mgongo utoe shati moja na kifua kitoe la pili, mikono mirefu ya zamani ikatwe itoe mikono minne mifupi. Kwa mkono tu, mshono wa kurudi nyuma, hakuna mashini. Siku ya nne aliwapeleka watoto shuleni yeye mwenyewe. Direkteri wa shule, Mwalimu Théoneste, alimshika mkubwa wao begani akamgeuza kwenye mwanga.

"Mama, hii shimizi iko na mistari."

"Iko na mistari, ndiyo. Unaiona ukiwa wapi?"

"Hapa, karibu."

"Basi rudi ku kiti yako, mwalimu, uone kama utaiona."

Mwalimu Théoneste alirudi kwenye kiti chake. Alitazama, kisha akafungua daftari la majina. Hadi Januari 2025 wanawake arobaini walikuwa wamejifunza kwa Mama Clotilde, na watoto zaidi ya mia tatu walikuwa wameingia darasani na mashati hayo.

Lakini mwili ulikuwa umeanza kugoma. Juni 2024 miguu ilivimba, na pumzi ikawa fupi. Daktari alimwambia moyo umekuwa mkubwa, presha iko juu, apunguze chumvi, asitembee mbali. Chumvi aliipunguza. Mwezi wa nane Fabiola aliacha kazi Bukavu akarudi kumwuguza, na kwa kuwa mgonjwa hakukubali kubaki nyumbani, muuguzi naye akajikuta Mugunga kila Jumanne na Ijumaa. Siku ya kwanza Mama Nyiransabimana alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe uko nani kwa Mama Fumua?"

"Niko mutoto yake," Fabiola alisema.

Mama Clotilde alikuwa ameinama juu ya kitambaa. Hakuinua uso. "Basi shika huu upande," alisema, "tukate."

Ndivyo walivyopatana. Neno la siku ile ukumbini hawakulizungumzia tena.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, na kila mmoja wenu anajua siku zile alizipitisha wapi. Februari kambi zilivunjwa. Watu walifunga vitu vyao wakaondoka, wengine kuelekea Sake na Masisi, wengine hawakujua wanaelekea wapi. Nyumbani Kyeshero kulikuwa na mfuko wenye mashati thelathini na manne yaliyokwisha kushonwa, kila moja limeandikwa jina la mtoto ndani ya kola. Mama Clotilde hakuweza kuutazama mfuko ule. Aliuweka juu ya kabati, akaushusha, akauweka mlangoni, akaurudisha kabatini. Fabiola alielewa. Asubuhi ya tarehe 20 Februari alificha viatu vya mama yake.

Mama Clotilde aliondoka na sandali za mumewe. Pikipiki ilimfikisha Mugunga, akakuta vijiti na matope. Akaendelea kuelekea Sake, mahali pengine kwa pikipiki, mahali pengine kwa miguu, akiita majina ya watoto kwenye kila kundi la watu aliokuta barabarani. Siku mbili familia haikujua kama yu hai. Aliporudi miguu yake ilikuwa haiingii tena hata kwenye zile sandali, na katika mfuko yalikuwa yamebaki mashati tisa. Mama Nyiransabimana na watoto wake wanne alikuwa amewakuta Sake, chini ya paa la shule.

"Mama, unataka kufa?" Fabiola alimwuliza.

"Hapana. Nilitaka batoto bavae." Kisha, akiwa bado anahema: "Viatu ulificha nyuma ya gunia ya makaa. Niliviona. Niliviacha pale, ili ujue ulijaribu kunizuia."

Kama safari ile ilifupisha maisha yake, daktari hakusema, na Fabiola hakupata ujasiri wa kuuliza. Kuanzia Machi hakutoka tena nje ya kiwanja. Wanawake wanane wa Mugunga waliobaki mjini walikuja nyumbani kila Jumamosi, wakashona wamezunguka kitanda chake, naye akiwakosoa. Kitanda kilihamishwa chumba hadi chumba. Mto ulikuwa juu mno, kisha chini mno. Achille alikuja na mkewe Joviale na watoto, na wajukuu wakapewa mabaki ya vitambaa watenganishe rangi, kwa sababu hakuvumilia kuona mkono uliolala bure.

Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025 alipokea Mpako Mtakatifu. Jumapili tarehe 9, saa kumi alasiri, aliomba Benny asogeze kiti chake kutoka dirishani hadi mlangoni. Benny alikisogeza. Akaomba kirudi dirishani, Benny akakirudisha. Alipoinama kumwuliza kama sasa ni sawa, mama yake alikuwa ameshakwenda. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, Papa Faustin Balagizi, baada ya miaka thelathini na mitatu ya ndoa, watoto watatu, Achille, Fabiola na Benny, mkwe mmoja, Joviale, wajukuu wawili, ndugu wanne huko Butembo na Beni, na wanawake wa Mugunga, ambao alitaka waandikwe hapa pamoja na familia, siyo chini yake.

Nyumbani Kyeshero kuna nguo kumi na saba za wateja, kila moja imebandikwa karatasi ya jina. Sita zimekwisha. Kumi na moja zimefumuliwa tu, hazijaunganishwa, na hakuna anayejua alikusudia ziwe nini. Wenye nguo hizo wanaombwa waje Jumamosi. Mama Nyiransabimana amefika jana kutoka Sake, na atakuwepo na wenzake kuzimalizia. Watawauliza ninyi wenyewe mnataka ziwe nini.

Mungu ampokee Clotilde Kahambu, na ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.