Jino ya Machini, Inasikia Samaki?

Bamama, acheni masolo, maongezi yenu, kidogo. Nitasema mbio, lakini nitasema yote.

Munajua kazi mulinipa hapa Nchelenge. Miye njo mwenye kuuma. Gunia ya chisense, ile samaki yetu ndogo, haipande mu mashua ya kwenda Kilwa, ngambo ya ziwa, mbele ya miye kuuma moya. Ikilia "ka!", imekauka. Ikinyamaza, irudi kwa jua.

Bon. Mwaka jana nikauma jiwe, ju mutu alianika samaki chini kwa muchanga. Jino kubwa ikapasuka nusu. Maumivu ile siitakie hata mukwe wangu! Munacheka, munamujua.

Sikuwaambia. Niliogopa mutaninyanganya kazi. Nikawa nabonyeza samaki na ulimi, nasema "iko muzuri." Gunia tisa zikafika na ukungu. Mukalaumu mvua, na miye nikalaumu mvua pamoja na ninyi. Ndugu zangu, haikukuwa mvua. Ilikuwa miye.

Ngoja, mama, utanigombeza nikimaliza.

Dada yangu wa Lubumbashi akanikokota kwa dokta ya meno. Nilifikiri atanifanya niume udongo ya kupima jino. Hapana! Akaingiza kamera ndogo kama kalamu, jino yangu ikatokea mu ordinatere, ile kompyuta yake, kubwa kama nyumba. Machini ikachonga kofia ya jino kutoka kipande nyeupe ya kauri, na miye naangalia.

"Dokta, iko na nguvu?"

"Mama, hii inaweza kushinda meno yako ingine. Lakini usifungue nayo chupa."

Swali moya bado ilikuwa inanikula: "Itasikia samaki?"

Akafikiri kwanza. "Kofia haisikie kitu. Muzizi chini yake njo inasikia, na yako iko muzima. Ujaribu."

Ganzi ilipoisha, nikauma chisense mu jikoni ya dada. Ka! Ikafika mpaka mu sikio. Nikalia kama mutoto.

Toka siku ile nauma kweli, samaki na mihogo ya kukauka, na kofia haijatikisika. Lakini juma iliyopita mulinisifu, eti meno yangu haidanganye. Njo maana nimesimama leo.

Asante kwa Mungu, kwa dada, kwa dokta. Asante kwenu mulioniamini. Kitu ya kazi ikiharibika mu mikono yako, sema siku ile ile, ju usiposema, watu wengine njo watalipa.

Sasa mumesikia. Mukimupa mwengine ile kazi, nitakaa kando yake nimufundishe kuuma.