Mama Mizani na Majivu Niliyoyaosha

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima chikichi katika maabara yetu, Mama Mizani anastaafu tarehe 30 Juni. Wenye vyeti walipoombwa kuandika wasifu wake walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi, kalamu ikaniangukia mimi muosha vyombo niliyeishia darasa la saba. Mkikuta makosa, mjue yeye hana hatia.

Alianza mlangoni, akipokea mikungu ya chikichi kutoka mashambani. Mwaka wa tatu akaingia ndani, hakutoka tena. Ni yeye aliyetufundisha kwamba nyama ya tunda hili karibu nusu ni mafuta, na kwamba wekundu ule si urembo, mwili unaugeuza kuwa vitamini A. Mbegu ya ndani ina mafuta yake mengine kabisa, meupe. Watoto wa tumbo moja, husema, lakini tabia mbalimbali. Wala hakulisifia tunda lake kupita kiasi: mafuta hayo huganda, na moyo hauyataki kwa pupa.

Mezani pake hakuna ruhusa ya kupiga chafya, maana mizani ile inasikia hata pumzi. Mkuu wa maabara mwenyewe alishatolewa nje kwa sababu ya mafua. Akatoka bila kubisha.

Sasa aibu yangu. Wiki yangu ya pili, nikiwa bado kwenye majaribio na nyumbani nina mtoto mchanga anayetegemea mshahara wangu, nilikuta vibakuli kumi na viwili kando ya tanuru, kila kimoja na vumbi la kijivu. Nikajisemea, hawa wasomi ni wachafu jamani. Nikavisugua vikang'aa, nikavipanga mstari, nikasubiri kusifiwa.

Kumbe majivu yale ndiyo kazi yenyewe. Nyama ya tunda ikiungua yote, kinachobaki ni madini: potasiamu, kalsiamu na ndugu zao. Nilikuwa nimemwaga wiki mbili za watu kwenye sinki, tena kwa sabuni nyingi.

Mkuu akataka kujua ni nani. Nilishaanza kuvua aproni. Mama Mizani akafungua daftari la makosa, ambamo jina lake halikuwahi kuingia hata siku moja, akaandika kwamba vibakuli viliachwa bila alama, na kuweka alama ilikuwa kazi yake. Kisha akanigeukia: "Funga hiyo aproni, mwanangu. Asiyejua huonyeshwa, hafukuzwi."

Tulirudia vyote kumi na viwili, mimi kando yake, nikimenya, nikikausha, nikichoma, nikibana pumzi mpaka kizunguzungu. Nilimwuliza vitamini ziko upande gani wa tunda, ili kisu kisizikate. Hakucheka. Alisubiri nitoke, ndipo nikamsikia.

Leo mtoto wangu anakimbia, nami nina cheti cha kupima majivu. Kimechukua nafasi ya picha ya harusi ukutani. Mume wangu hajalalamika, kwenye picha ile alikuwa amefumba macho.

Mama, asante. Afya yako iwe imara, usingizi wako uwe mtamu, na chai yako uinywe ikiwa bado moto. Jumatatu vibakuli vinatoka tanuruni, na kwa mara ya kwanza anayevipima ni mimi peke yangu. Simu ikiita saa tatu asubuhi, tafadhali pokea.