Alijitahidi: Maisha ya Fundi Orozimbo Teles Maciel, 1961–2019

Ndugu waombolezaji, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, nasi familia tumemtuma dada yake mkubwa, Zulmira, shemasi wa kanisa hili, asome maisha ya marehemu mbele ya jeneza lake, naye amekubali akijua kwamba ndani ya maisha hayo limo pia kosa lake mwenyewe.

Marehemu Orozimbo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kitongoji cha Vereda Funda, kaskazini mwa Minas Gerais, mtoto wa tatu wa mzee Belarmino na mama Etelvina, katika nyumba ya udongo yenye nyufa, na ndani ya nyufa hizo aliishi mdudu yule tunayemjua sote, afyonzaye damu ya mtu usingizini, akamwachia ugonjwa wa Chagas unaokaa moyoni miaka thelathini bila kubisha hodi. Alianza shule Februari 1969, akaacha mwaka 1973 akiwa amemaliza darasa la nne, baba yao alipoanguka shambani asiinuke tena, kwa ugonjwa huo huo wa moyo.

Mwaka 1975 alishika mwiko wa lipu chini ya fundi Abdias, na tangu 1983 akawa katika kikosi kilichopita vitongojini kuziba nyufa za kuta ili mdudu akose maficho, nyumba mia nne na zaidi, akiwafungia wengine mlango ambao kwake adui alikwisha kuupita. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Isaltina, tukala wali wa pequi, tunda la nyika yetu, na kuku, na Mungu akawajalia Edilene mwaka 1988 na Josué mwaka 1991, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia baba yao akisema amechoka.

Tarehe 19 Oktoba 2014 alizimia juu ya jukwaa la ujenzi, moyo ukakutwa umetanuka na kulegea, akapewa kidonge cha kila asubuhi cha kuushika usiende mbio, kama hatamu kinywani mwa farasi. Hakuweza tena kupanda ngazi na ndoo, akaomba pensheni ya ugonjwa, akapelekwa apimwe katika hospitali ambayo jina lake tunamwachia Mungu.

Alhamisi tarehe 3 Mei 2018, akiwa amemeza kidonge chake kama alivyoagizwa, alipandishwa kwenye mkanda unaokimbia, na ukutani palikuwa na karatasi inayosema mia mbili na ishirini, toa umri, ndio upeo wa mapigo ya moyo wa mtu kwa dakika, kwake mia moja sitini na tatu, na asiyefika walau mia moja thelathini na tisa hahesabiwi kuwa amejaribu. Mkewe alikuwa mlangoni, akamsikia mpimaji akisema, "Twende, mzee, twende, mbona unanitegea? Bado ishirini na moja!" naye akajibu kwa midomo iliyogeuka rangi, "Bwana mkubwa, miguu ipo, pumzi ndiyo imeniaga." Alishuka akiwa amefika mia moja na kumi na nane, na kwenye cheti likaandikwa neno moja, Hakujitahidi.

Kwa neno hilo, tarehe 11 Juni 2018, pensheni ilikataliwa, na mitaani wakamwambia, "Orozimbo, hata mashine imekukana, sasa utamdanganya nani?" Lakini la mitaani si kitu, kwa maana dada yake, huyu anayesoma, alimsimamisha mlangoni pa kanisa baada ya ibada akamwambia mbele ya watu, "Ewe mvivu, mwendee chungu," naye akatabasamu akasema, "Dada Zulmira, chungu nimemwona, hata yeye mvua ikinyesha hupumzika." Jumatatu iliyofuata alirudi jukwaani.

Alipanda miezi saba. Februari 2019 alishushwa amebebwa, akauguzwa nyumbani hadi mwanzoni mwa Agosti, ndipo akalazwa kwa daktari Ivonete Sarmento, ambaye alikisoma cheti kile akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza, asubuhi ile ya kipimo alikuwa amemeza nini? Kisha akamweleza Isaltina kwamba karatasi ya ukutani ilitungwa kwa watu wazima wa afya, na kwa moyo mgonjwa uliofungwa hatamu kipimo ni kingine, kwa umri wake na mapigo yake ya kupumzika ni kama mia moja na ishirini. "Mama, mumeo alifika mwisho wa moyo wake. Hakubakiza kitu." Marehemu alisikia kitandani, hakuuliza habari za pensheni, alisema tu, "Basi, daktari, mwambie dada yangu."

Daktari alimpigia dada simu Alhamisi tarehe 8 Agosti, akamweleza na kumwita. Dada alijibu kwamba atakwenda Jumamosi, baada ya kikao cha mashemasi. Marehemu aliaga dunia Ijumaa tarehe 9 Agosti 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Imeandikwa, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, wala haikuandikwa kwamba mizani ya shemasi imesamehewa. Kwa hiyo leo ndiyo Jumamosi, na dada amefika, na anasema mbele ya wale wale waliosikia pale mlangoni, alijitahidi.

Familia inamshukuru daktari Ivonete na wauguzi wake, majirani waliomsaidia Isaltina, na mpimaji yule pia tunamwombea, alisoma alichobandikiwa. Mafundi wenzake, ninyi mtakaolijenga kaburi hili, nabii Ezekieli aliwakemea wapakao ukuta chokaa isiyokorogwa vema, nasi tunawasihi, korogeni vema, msiache ufa.

Pumzika kwa amani, Orozimbo, hapo ulipo hakuna anayekuhesabia.