Goti la Ijumaa

Benchi lenyewe liko mbele ya mkahawa wa Nerina, chini ya kituo cha treni, mahali ambapo upepo wa bahari unakukuta shingoni hata uvae makoti mawili. Kiwanda cha chuma kilipofungwa, miaka sita iliyopita, wanaume wa mji huu walihamia pale utadhani wamepangiwa zamu: saa nne asubuhi mpaka kahawa iishe. Wengine wamekufa, wengine wamefuata watoto wao Cardiff, na sasa wamebaki watatu. Kuna Emlyn Mizani, aliyepima malori ya kiwanda miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kukutazama bila kukukadiria kilo. Kuna Iorwerth Besi wa kwaya ya kanisa, ambaye hata akinong'ona kioo cha Nerina kinatetemeka. Na kuna Hefin Koleo, ambaye kazi yake ilikuwa kudaka nondo inapotoka mashineni ikiwa nyekundu, aielekeze kwa koleo isije ikamkata mtu miguu. Wawili wanabishana, wa tatu ananyamaza. Huo ndio utaratibu, na Ijumaa hiyo haukuwa na dalili ya kubadilika.

Kahawa huletwa na Nesta, mjane wa rafiki yao aliyekuwa mdogo wa Hefin. Mwaka jana kiharusi kilimpitia upande wa kushoto. Majira yote ya baridi alivunja vikombe, mpaka Nerina akanunua vya plastiki, na wazee wakanywea plastiki miezi minne huku wakiapa kwamba kahawa ni tamu zaidi humo. Kisha akatokea Leszek, Mpolandi anayefundisha mazoezi ya nguvu kwenye ukumbi nyuma ya maktaba, akamfundisha Nesta kukunja chuma. Unachukua kipande cha nondo chenye urefu wa shibiri, unakivika ngozi ncha mbili, unakikamata kwa mikono na kukikandamiza mpaka ncha zikutane. Watu walicheka. Lakini asubuhi hiyo Nesta alitoka na vikombe vitatu vya udongo, viwili mkono wa kushoto, na hakumwaga hata tone.

— Nyie wazee wa chuma, alisema akivitua, leo nina swali kwenu.

— Sema, mama, alisema Emlyn. Umefika penyewe.

— Chuma cha bei nafuu nitakipata wapi? Duka la vifaa kule barabara kuu wananitoza pauni saba kwa mita. Mita moja ni vipande vitano, na vipande vitano ni jioni mbili. Pensheni yangu naikunja yote!

Emlyn akaegemea. Mtu angedhani ameulizwa na waziri.

— Kwani lazima ukunje vipya? Nunua kimoja, kikunje, kinyooshe, kikunje tena.

— Nilijaribu. Mara ya pili kilikatika, kikanichana hapa. Tazama.

— Basi kata vifupi! Mita badala ya vipande vitano utoe kumi. Hesabu ndogo tu hiyo.

— Kifupi ni kigumu zaidi, alisema Hefin, na wote wakageuka kwa kuwa hiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu Jumatano. Huna pa kushikia.

— Ndiyo vizuri! Emlyn alipiga goti lake. Asipoweza kukikunja, hakiishi. Atanunua mara moja, kitamfaa maisha yake yote. Chuma cha bei rahisi kuliko vyote ni kile kisichokunjika!

— Emlyn, ulikuwa unapima malori au malori yalikuwa yanakupima wewe? aliuliza Nesta.

— Mwache huyo, Iorwerth alinguruma. Sikiliza, dada. Kanisani kwetu kuna uzio wa vyuma pale mbele. Vyuma themanini na nne, nimevihesabu wakati wa mahubiri. Nani anaingia kanisani siku hizi? Watu kumi na moja, na wote wanapita mlango wa nyuma kwa sababu ya ngazi. Uzio unamzuia nani?

— Unataka nikunje uzio wa kanisa, Iorwerth?

— Kimoja kimoja. Mungu haendi mbio.

— Vyuma vya uzio ule vina unene wa milimita kumi na sita, alisema Emlyn kwa dharau. Hata fahali hawezi kuvikunja. Bora vigari vya supermaketi. Mtoni pale chini ya daraja viko arobaini, havina mwenyewe.

— Vimeoza, alisema Nesta.

— Ndiyo laini!

— Kuna meli iliyozama nyuma ya gati, alisema Iorwerth. Babu yangu alikuwa anaiona maji yakipwa. Tani mia sita...

— Mia tatu na themanini, Emlyn akamkata.

— Wewe uliipima lini? Ilizama kabla hujazaliwa!

— Kwa macho!

— Basi, basi, alisema Nesta. Swali jepesi. Chuma kilo moja ni bei gani? Siyo cha duka la barabara kuu. Chenyewe, kwa wauzaji wenye haki.

Emlyn, aliyepitisha mamilioni ya tani chini ya pua yake, aliangalia kahawa. Iorwerth akageukia bahari. Hefin alijua sababu. Katika mji huu chuma kilitengenezwa miaka mia na kumi, na hakuna mtu aliyewahi kukinunua.

Maana kila chuma kilichokuwa nyumbani kilitoka kwenye geti la kiwanda siku ya Ijumaa. Unachagua nondo yako ya mita moja, unaiteremsha ndani ya mguu wa suruali, unaifunga pajani kwa kamba ya viatu, kisha unatoka umekakamaa, ukichechemea. Mlinzi anauliza, goti? Unajibu, goti. Anatikisa kichwa kwa huruma, na yeye mwenyewe kwake ana banda la kuku la nondo tupu. Mageti, vyuma vya kuchochea makaa, nguzo za maharage, kila kitu kilipita kwenye goti la Ijumaa. Mgeni angefikiri hewa ya mji ule inaua viungo.

— Hamjui, alisema Nesta. Jamani! Wanaume watatu, miaka karibu mia ya kazi, hamjui bei ya chuma!

Akacheka, nao wakacheka kidogo. Kisha akaacha, akawa anaufungua na kuufumba mkono wa kushoto, kama ilivyo kawaida yake siku hizi.

— Nacheka, lakini naogopa, alisema. Kipande changu cha mwisho nilikikunja jana. Mwezi uliopita nilipata mafua, siku tisa sikukunja kitu. Vidole vikalala. Siku ya kumi nikaangusha birika la Nerina, na hakusema neno, na afadhali angenitukana. Siwezi kurudi kule, shemeji.

Alisema shemeji, na shemeji pale ni mmoja tu. Hefin alihisi uso unamwaka. Alikunywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Sababu ni hii. Siku ya mwisho ya kiwanda, mashine ilipotema nondo ya mwisho kabisa, ya milimita sita, Hefin ndiye aliyeidaka. Aliiacha ipoe, akakata mita moja, akatoka nayo getini katika goti lake. Aliona wenzake wote wanachechemea jioni ile, akadhani ni majonzi. Tangu hapo nondo iko kwenye kibanda chake cha bustani, imevikwa fulana ya kazi, na kila Jumapili anaipaka mafuta isishike kutu. Hajamwambia mtu. Mke wake alikufa hajui. Chuma cha mwisho cha mji mzima, na kipo kwake. Ndicho alichokuwa nacho.

Hapo ndipo Leszek alipopita, begi la mazoezi begani.

— Bwana mwalimu, njoo utuokoe, alisema Nesta. Wazee wananituma nikazamie meli.

Leszek alisikiliza yote, uzio, vigari na meli, kwa adabu kubwa.

— Lakini mbona rahisi? alisema. Hununui kwenye duka la rejareja. Unakwenda kwa muuzaji wa jumla, Swansea yupo. Nondo ya mita sita, chuma laini, unamwomba akukatie apate kuileta. Utalipa kama unavyolipia mita mbili hapa. Vipande thelathini.

Benchi zima lilimtazama kwa chuki ya dakika moja. Saa nzima ya kazi yao imeharibiwa na mtu aliyesimama.

— Na hicho chuma kinatoka wapi? aliuliza Iorwerth.

— Uturuki, nadhani.

— Uturuki! Iorwerth alisema, na kioo kikatetemeka. Kije hapa!

— Lori lao linakuja lini? aliuliza Nesta.

Leszek akakuna shavu. Lori lilikuwa limekwenda jana. Safari nyingine ni Alhamisi ya wiki ijayo.

— Leo bila chuma, na siku sita nyingine mpaka Alhamisi, alisema Nesta. Saba. Labda vitakuwa vikombe tu, birika litapona.

Akakusanya vikombe. Kimoja kiliyumba kwenye kidole chake cha kushoto, akakidaka kwa mkono wa kulia. Ndani, Nerina alikuwa anafuta mashine. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Mimi nina... naangalia jiko, alisema Emlyn, akaondoka.

— Paka, alisema Iorwerth, akaondoka upande wake. Hana paka.

Hefin alifika kibandani hata hakumbuki njia. Alifunua fulana. Nondo iling'aa kwa mafuta. Utakuwa mpumbavu, alijiambia, siku saba tu, mwanamke mzima hafi kwa siku saba. Akaketi juu ya ndoo. Alimkumbuka Nesta na lile birika, na Nerina aliyenyamaza. Alijiona Jumapili baada ya Jumapili akikipaka mafuta kipande cha chuma, na kwa mara ya kwanza alijionea aibu. Alisimama, akateremsha nondo ndani ya mguu wa suruali, akaifunga kwa kamba ya kiatu. Angeweza kuibeba mkononi, nani angemkamata? Lakini chuma cha mji ule hakijui njia nyingine.

Alipokata kona ya kituo akichechemea, alimwona Emlyn anakuja kutoka upande wa posta. Emlyn naye alikuwa amekakamaa mguu wa kulia. Wakasimama.

— Goti? aliuliza Hefin.

— Goti. Na wewe?

— Goti.

Na kutoka kwenye ngazi za kanisa, akijishikilia ukutani, ngazi moja moja, mguu mmoja hauna mkunjo kabisa, alikuwa anateremka Iorwerth Besi.

Walifika kwenye benchi pamoja, hakuna aliyeweza kukaa. Nesta alitoka na kitambaa cha kufutia, akawatazama, akamwita Leszek aliyekuwa ndani anakula keki. Mbele ya mkahawa, mchana kweupe, wazee watatu walifungua mishipi, na Nerina akafunika macho ya mbwa wake. Nondo tatu zikalala juu ya benchi. Milimita sita zote, mita moja zote, zote zinang'aa mafuta.

— Ni ya mwisho, alisema Emlyn kwa sauti ndogo. Niliipima mwenyewe. Baada yake mizani ilizimwa.

— Ya mwisho ni hii, alisema Iorwerth. Nilipewa na msimamizi analia.

Hefin aliitazama yake. Alikuwa anahesabu: nondo ile ilikuwa ndefu, yeye alichukua mita, na sehemu nyingine ilibaki sakafuni. Au zao hazikutoka hapo. Miaka sita, na hakuwahi kujiuliza iliyobaki ilikwenda wapi.

Leszek alitoa msumeno wa chuma begini. Hakuwa mtu wa mji ule, lakini hakuwa mjinga. Alizitazama nondo, akawatazama wazee, akauliza kwa heshima zote:

— Sasa ya mwisho ni ipi? Ili hiyo nisiikate.

Treni ya saa saba ilifika, ikateremsha abiria, ikaondoka. Emlyn alikodolea macho nondo tatu, mtu aliyeweza kupima meli chini ya maji, akashindwa. Nesta alisubiri, mkono wake ukifunguka na kufumbika.

— Kata hii, alisema Hefin, akasukuma yake mbele.

— Kwa hiyo hii siyo?

— Ndiyo yenyewe. Kata.

— Yake siyo! Emlyn aliruka. Mwongo huyu! Kama ni kukata ya mwisho, kata yangu!

— Thubutu! alinguruma Iorwerth. Yangu kwanza!

Msumeno ulikuwa umeshaanza. Kipande cha shibiri kikaanguka mkononi mwa Nesta, akakivika ngozi.

— Hii ni milimita sita, alisema. Mimi bado niko kwenye tano, Leszek.

— Taratibu. Viwiko chini. Usiache kusukuma.

Alikikandamiza chini ya kidevu. Hakikutikisika. Mishipa ikamtoka shingoni, mkono wa kushoto ukataka kufunguka, na Hefin akajikuta anakunja ngumi zake mwenyewe na kusema kimoyomoyo, usiachie, usiachie. Chuma kikaregea kidogo katikati. Nesta alitoa mlio, akasukuma tena, na tena, mpaka ncha mbili zikagusana. Nerina alipiga makofi dirishani. Iorwerth alikuwa analia waziwazi na kusingizia upepo.

Nesta alivua ngozi, akampa Hefin.

— Shika hapa penye kona, shemeji. Haraka.

Hefin alishika, na karibu akiachie. Miaka sita alikipaka mafuta kikiwa baridi.

— Kina moto, alisema. Kwa kukunjwa tu!

Emlyn na Iorwerth wakanyoosha mikono, kila mmoja anataka kukigusa kabla hakijapoa.